Maswali ya Wasomaji: Tukingoja Agosti 2027

Barua zinazohusu uchaguzi mkuu wa Kenya, utakaofanyika Jumanne ya Agosti 10, 2027, zimekuwa nyingi kuliko za mapishi na za ndoa zikiwekwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ukurasa huu mapema kiasi hiki. Nimechagua tatu. Majina nimeyaondoa kwa ombi la wenyewe.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu na ninauza mboga katika soko moja hapa Nakuru. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, nilikuwa na kifungua mimba wangu mgongoni, na tulilala katika uwanja wa maonyesho ya kilimo kwa majuma kadhaa. Ploti ninayokaa sasa ina milango kumi na miwili na wapangaji wametoka kila pembe ya nchi. Tunaazimana chumvi na kuangaliana watoto. Lakini tangu naibu wa rais aliyekuwepo alipoondolewa mwaka 2024, mazungumzo ya pale mferejini yamebadilika. Nikifika na mtungi wangu, wenzangu hunyamaza au huhamia lugha nisiyoijua. Mume wangu anataka ifikapo Julai niwachukue watoto niende nao kwetu Nyandarua hadi mambo yatulie. Je, niende?

JIBU: Mama, pole kwa kulibeba hilo kwa miaka yote hii. Swali lako lina sehemu mbili, ya watoto na ya kwako mwenyewe, na majibu yake hayafanani.

Watoto wakienda kwa nyanya yao siku za uchaguzi, hakuna atakayekulaumu, na mimi ni wa mwisho kumwambia mtu aliyelala uwanjani na mtoto mchanga kwamba anaogopa kivuli. Wewe mwenyewe ukienda, ujue unachokiacha. Ikiwa jina lako limo katika sajili ya kituo cha Nakuru, hutapiga kura Nyandarua, kwa kuwa sheria hukuruhusu kupiga kura katika kituo ulichosajiliwa peke yake. Katika Bonde la Ufa jambo hili lina historia chungu. Mapigano yaliyoanza mwishoni mwa mwaka 1991, kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992, yaliwaondoa maelfu ya watu mashambani mwao na pia katika vituo vyao vya kura, na tume ya Jaji Akilano Akiwumi iliyoyachunguza baadaye ilisikia namna wanasiasa walivyoyachochea. Vile vijikaratasi vinavyookotwa mlangoni asubuhi, vikiwaambia watu fulani wahame kabla ya tarehe fulani, si lazima vifuatwe na moto ili vifanye kazi yake. Mtu akifunga virago kwa hiari, aliyeviandika amekwisha kumpunguza katika hesabu bila kutumia hata kiberiti. Ushauri wangu ni kwamba watoto waende ikiwa moyo wako utatulia, wewe ubaki upige kura yako, kisha uwafuate ukiona haja.

Sasa tulizungumze lile linalokutia hofu hasa, kwa sababu naamini tumezoea kuliangalia mahali pasipo. Tunasema Wakenya wamegawanyika, kana kwamba mgawanyiko huo ni ukuta mmoja uliosimama palepale tangu zamani. Hebu tazama kambi zenyewe. Mwaka 2007 William Ruto alikuwa upande wa Raila Odinga, na Uhuru Kenyatta alikuwa upande wa Mwai Kibaki, na ni wafuasi wa pande hizo walioumizana huko kwenu. Kufikia mwaka 2013 Uhuru na Ruto, wote wawili wakiwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kuhusu ghasia hizohizo, walikuwa tikiti moja, na majirani waliochomeana nyumba miaka mitano kabla walipanga foleni moja wakimpigia kura mtu mmoja. Machi 2018 Uhuru akapeana mkono na Raila, na Ruto akabaki nje. Mwaka 2022 Uhuru alimuunga mkono Raila, lakini watu wa Mlima Kenya wakamkatalia wakampa Ruto. Miaka miwili na kidogo baadaye Rigathi Gachagua, naibu wa Ruto, akaondolewa na Seneti, Oktoba 2024, wakati watu wa chama cha Raila walikuwa wamekwisha kuingia katika baraza la mawaziri la Ruto. Jirani anayekunyamazia mferejini leo huenda mlipiga kura sawa mwaka 2013 na tena 2022. Sisemi haya ili kukuchekesha, ingawa ukiyafuata kwa utulivu yanachekesha. Nataka uone kwamba ukuta huo hujengwa upya kila baada ya miaka mitano, kwa mawe yaleyale yaliyopangwa vingine, na wapangaji wa ploti yako hawashiriki katika kuupanga.

Kwa maoni yangu kilichoiwasha nchi mwaka 2007 ni kimya cha kungoja. Kura zilipigwa Alhamisi, Desemba 27, na matokeo yakatangazwa jioni ya Jumapili, Desemba 30. Katika siku hizo tatu hesabu za maeneo kadhaa zilichelewa, na mwenyekiti wa tume ya wakati huo, marehemu Samuel Kivuitu, akalalamika mbele ya kamera kwamba baadhi ya maafisa wake hawapatikani kwa simu. Rais aliapishwa jioni ileile ya matokeo, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Palipokuwa na redio pakabaki ujumbe mfupi wa simu, na kila aliyeupokea aliujazia yale aliyoyaogopa. Tume ya Jaji Johann Kriegler ilipoyachunguza hayo, ilisema hesabu zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba haikuwezekana kumjua aliyeshinda. Zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamekufa.

Utaniambia, na utakuwa na haki, kwamba mji wa Nakuru haukuungua jioni ile. Ndiyo, uliungua mwishoni mwa Januari, siku zilezile ambazo Kibaki na Raila walikuwa wamepeana mkono hadharani, Januari 24, nje ya Harambee House, Kofi Annan akiwa kati yao. Kufikia hapo kisasi kilikuwa kimejipatia njia zake, wakimbizi walikuwa wamefika mjini na habari za yaliyowapata, na picha ya viongozi wakitabasamu haikumfikia mtu yeyote aliyekuwa na panga. Kwa hiyo simwahidi mtu kwamba viongozi wakielewana mitaa itatulia. Ninachosema ni kwamba tangu Katiba ya mwaka 2010 kungoja kwenyewe kumewekewa mipaka, na mipaka hiyo ni bora uijue kwa tarehe.

Mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ana siku saba tangu siku ya kura kutangaza matokeo ya urais, yaani mwisho wake ni Agosti 17. Anayepinga ana siku saba baada ya tangazo kuwasilisha kesi, na Mahakama ya Juu ina siku kumi na nne kuamua. Ukihesabu kwa ubaya wote, uamuzi hauwezi kuvuka Septemba 7. Kuna jambo moja ambalo halijawahi kutukuta: mshindi anahitaji kupita nusu ya kura zote na pia kupata angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, na akikosekana mtu wa kufikia hapo, wawili wa mbele hurudi kwa wapiga kura katika muda wa siku thelathini. Hilo lisipotukuta, una majuma manne ya kujipangia. Mfanyabiashara wa mboga anajua la kufanya na majuma manne: asinunue nyanya kwa mkopo siku za mwanzo za Agosti, kwa sababu malori hupungua na wateja huwa wamesafiri.

Kuhusu mfereji, sina njia ya kijanja. Nenda na mtungi wako, na wakinyamaza, waulize wewe ni lipi limewanyamazisha. Pengine walikuwa wakilisema soko lako, na pengine walikuwa wakikuogopa wewe, maana hata wao wana simu na hata wao wametumiwa kitu. Yule mzee wa Nyumba Kumi wa mtaa wenu, kama yupo na ana akili timamu, aitwe chai kabla ya mwezi wa Julai, ploti nzima ikiwepo, ili ijulikane nani ana namba ya nani usiku.

SWALI: Mimi ni kijana wa Kisumu, na mwaka 2027 utakuwa uchaguzi wangu wa kwanza. Juni 2024 nilikuwa barabarani na wenzangu katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, tukisema hatuna kabila, hatuna chama wala kiongozi. Baba yangu aliapa mwaka 2022 kwamba hatapiga kura tena, na tangu Raila Odinga afariki dunia Oktoba 2025, redio ikianza siasa yeye huizima. Ananiambia matokeo huandikwa kabla ya kura. Tena amesema nikimchagua mtu asiye wa kwetu nisimsalimie. Je, nijiandikishe?

JIBU: Mwanangu, jiandikishe. Usajili unaendelea katika ofisi za tume, na unachohitaji ni kitambulisho cha taifa au pasipoti. Ukisema moyo wako hauna haja, utakuwa na muda wa kukaa nyumbani siku yenyewe, lakini usipokuwa katika sajili hutakuwa na cha kuchagua.

Baba yako usimdharau. Wazee wa Kisumu hawakuokota mashaka hayo njiani. Mtu wa Nakuru akisema anaogopa uchaguzi, kwa kawaida anamaanisha jirani. Mtu wa Kisumu akisema hivyo anamaanisha buti mlangoni usiku. Agosti 2017 mtoto mchanga wa miezi sita alipigwa akiwa nyumbani kwao mjini humo akafa, na uchunguzi wa mahakama ulipokamilika mwaka 2019 uliwalaumu polisi. Hofu ya namna hiyo haiponi kwa kuambiwa tupendane, kwa sababu haikutokana na chuki ya raia kwa raia. Dawa yake ni kesi zenye mwisho na makamanda wenye majina, na hilo tuna deni nalo mpaka leo.

Hata hivyo, kwa hoja ya kwamba matokeo huandikwa kabla, naomba nimpinge mzee kwa adabu, na nianze na mlango wa darasa. Usiku wa Agosti 9, 2022 nilisimama nje ya shule moja ya msingi iliyokuwa kituo cha kura. Ndani walikuwa wakihesabu kwa mwanga wa taa za betri, msimamizi wa kituo akiinua karatasi moja baada ya nyingine ili mawakala wa vyama waione alama, akitaja jina kwa sauti iliyokuwa imeanza kukauka. Saa nne na kitu alitoka na karatasi, akatafuta gundi akaikosa, mwisho akaibandika kwa utepe wa plasta mlangoni, juu ya ratiba ya darasa la nne. Hiyo ndiyo Fomu 34A, fomu ya matokeo ya urais ya kituo kimoja. Watu kama ishirini waliwasha simu na kuipiga picha, na mama mmoja aliyekuwa amejifunga leso alinakili namba kwa kalamu katika kiganja chake kwa sababu simu ilikuwa imezima. Kituo hakisajili wapiga kura zaidi ya 700, kwa hiyo hesabu iliyo mlangoni ni ya watu ambao mtaa mzima unawajua. Kisha fomu hiyohiyo hupigwa picha kwa kifaa cha KIEMS, mashine ya kielektroniki ya tume, na kutumwa Nairobi, na mwaka 2022 fomu za takriban vituo vyote 46,229 ziliwekwa katika tovuti ya tume, mtu yeyote azipakue na kujumlisha mwenyewe.

Mambo hayo hayakuletwa na ukarimu. Juni 2017 Mahakama ya Rufani, katika kesi iliyofunguliwa na Maina Kiai na wenzake, ilisema matokeo ya mashinani ni ya mwisho na hakuna mtu wa Nairobi mwenye mamlaka ya kuyabadilisha. Septemba 1 ya mwaka huohuo Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifutilia mbali uchaguzi wa rais, kwa kura nne dhidi ya mbili, kutokana na dosari katika kutuma na kujumlisha matokeo. Aliyeipeleka kesi hiyo mahakamani ni Raila mwenyewe. Marudio ya Oktoba aliyasusia, na baba yako ana haki ya kukumbuka yaliyofuata, lakini tovuti ya fomu aliyoikuta mwaka 2022 ni matunda ya kesi yake, hata kama safari hiyo haikumpa ushindi.

Fungua kikokotoo cha simu yako mbele yake. Mwaka 2022 Ruto alipata kura 7,176,141 na Raila 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Igawe kwa vituo 46,229 utapata kura tano na kidogo kwa kila kituo. Kura tano ni wewe, dada yako, na vijana watatu mliokuwa nao barabarani Juni ile. Nakumbuka pia kwamba makamishna wanne kati ya saba walipoyakana matokeo, walidai kwamba asilimia 0.01 iliyozidi katika jumla ilikuwa kura 142,000. Wakenya wa kawaida walitoa vikokotoo wakaona ni kama kura 1,400, zitokanazo na kukadiria desimali, na jioni haikuwa imeisha. Mahakama ya Juu iliyathibitisha matokeo Septemba 5 kwa kauli moja. Si lazima mtu aupende uamuzi huo. Mimi mwenyewe ninajua watu wenye elimu nzuri ambao hawajaukubali. Ila tulikuwa tukibishana juu ya karatasi tunazoziona, na hilo ni tofauti kubwa na mwaka 2007.

Tahadhari moja. Katika siku zile sita za kungoja, kila kituo cha runinga kilionyesha hesabu yake, huyu akiwa mbele hapa na nyuma kule, na watu wakadhani kuna anayewadanganya. Sababu ilikuwa kwamba kila chumba cha habari kilianza kujumlisha na fomu za maeneo tofauti. Mwaka 2027 itakuwa hivyo tena. Ukiona asilimia, uliza kwanza ni fomu ngapi zimeingia na za kaunti zipi.

Kuhusu salamu za baba: kura ni siri, na sheria imeifanya siri kwa ajili ya watu kama wewe. Huna wajibu wa kumwambia. Mwambie tu, kwa heshima, kwamba utakesha nje ya kituo hadi fomu ibandikwe na ungependa aje na kiti chake. Sina hakika atakataa.

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama huku Likoni, Mombasa. Tuko kumi na wanane, tunachangishana kila mwezi na kumpa mmoja kwa zamu. Sasa chama kimeingiwa na vyama. Katika kundi letu la WhatsApp kuna anayeleta video za siasa usiku kucha, wabara wamekaa upande wao na wapwani upande wao, na mmoja ameandika kwamba baada ya uchaguzi “madoadoa” yataondoka. Nimtoe katika kundi?

JIBU: Dada, neno hilo ni zito kuliko linavyosikika. Kwa mtu wa nje ni alama kwenye ngozi ya chui au kwenye nguo, lakini Kenya limetumika kuwataja watu wa makabila mengine wanaotakiwa waondoke, na Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ililiweka mwaka 2022 katika orodha ya maneno ya uchochezi. Wewe uko Likoni, ambako kituo cha polisi kilivamiwa Agosti 1997 na wabara wakafukuzwa majumbani, miezi minne kabla ya uchaguzi, kwa hiyo sihitaji kukueleza neno huishia wapi. Kifungu cha 13 cha sheria ya uwiano kinatoza faini isiyozidi shilingi milioni moja au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili, na anayesambaza anaweza kuguswa sawa na aliyetunga.

Hata hivyo, usianze na kumtoa. Mtu aliyetolewa huenda akafungua kundi lake, na huko hutakuwepo kumjibu. Mwendee nyumbani, uso kwa uso, na umuulize alimaanisha nani kati ya wale kumi na wanane. Mtake alifute neno mwenyewe na aombe radhi kwa sauti, si kwa maandishi. Akikataa, hapo chama kiamue, na kiamue katika kikao, si katika simu. Video za usiku wekeeni kanuni tangu sasa: kundi ni la michango na misiba, na anayeleta siasa hulipa faini kama anayechelewa. Ada ya anayechelewa kwenu mnaijua. Siasa iwe mara mbili.

Tena tazama ratiba ya zamu. Kikao cha Agosti kiwekeni Jumamosi ya tarehe 14, siku nne baada ya kura, wakati huenda matokeo yakawa hayajatangazwa na kila mmoja akiwa na hamu ya kujifungia na watu wake. Zamu ya mwezi huo, ikiwa bado hamjaipanga, mpeni mmoja wa wale wa upande usio wako, na kikao kifanyikie nyumbani kwake. Watu kumi na saba watalazimika kubisha hodi kwake wakiwa na pesa mkononi.